Fundi pangaboi wa Yombo na kisanduku cha kiunoni

Kitendawili! Sema "tega", usione haya, hata kama uko peke yako na gazeti lako. Haya basi: kuna moto ndani ya nyumba. Hauli kuni, hautoi moshi, ukimwagiwa maji haujali, na mgeni akiingia hauoni.

Umeshindwa? Toa mji. Umetoa Tabora? Vizuri, maana ndiko alikozaliwa mwenye jibu. Moto huo uko kwenye mguu wa kushoto wa Editha Maganga.

Saa mbili na nusu asubuhi, Yombo Vituka, wilayani Temeke. Editha, mwenye miaka hamsini na minne, ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya bati la kibanda chake. Mbele yake zimelala pangaboi saba, zile feni za darini, zimevuliwa mabawa kama kuku waliokwisha nyonyolewa. Mguu wa kulia umevaa kandambili. Wa kushoto uko peku, umepumzishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na umegeuziwa upande usio na upepo.

Editha ni fundi wa kusuka mota. Feni ikiungua, yeye huitoa waya wote wa zamani, akazungushia waya mpya wa shaba, mzunguko mmoja mmoja, kwa mkono. Pangaboi moja ina mafungu mengi ya waya, na kila fungu lina hesabu yake. Ukizidisha, feni inazunguka kivivu. Ukipunguza, inaungua kabla mteja hajafika kwake.

"Mia na kumi na nane, kumi na tisa, ishirini," anahesabu kwa sauti ya chini.

Pale kibandani kuna desturi moja: fundi akihesabu, hasalimiwi. Mteja anasimama, anasubiri, hata awe na haraka ya kwenda mazishini. Mtu mmoja tu ndiye anayeivunja, tena kwa makusudi.

"Sabini na tisa!" sauti inapasuka kutoka ng'ambo ya uwanja. "Arobaini na mbili! Mia tatu na ndoo!"

Huyo ni Shomari, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, Mzaramo wa Kisarawe. Editha ni Mnyamwezi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ambayo hata mume hana.

"Mia na ishirini na tano," Editha anaendelea bila kuinua kichwa. Anamaliza fungu, anafunga uzi, ndipo anajibu. "Mzaramo, nazi yako bado haijaanguka, ndiyo maana unapiga kelele?"

"Ikianguka nitakuita uje uibebe. Si ndiyo kazi ya kwenu?"

Editha anacheka mpaka mabega yanatikisika. Kelele za Shomari hazijawahi kumpotezea hesabu hata siku moja. Kinachompotezea hesabu ni ule mguu.

"Unakuja kama shoti," anaeleza. "Nipo mia na tisini, nakaribia kabisa kumaliza, mara chaa! Kuanzia kiunoni mpaka kidole gumba. Ukipita, sijui tena nilikuwa mia na tisini au mia na sitini. Inabidi nifumue nianze upya. Kuna pangaboi moja niliifumua mara nne."

Ilianza miaka saba iliyopita. Mteja mmoja wa Kimbiji alileta pampu ya kuvutia maji ya kisimani, mzigo wa watu wawili. Editha akaibeba peke yake. Akateleza kwenye mtaro wa mbele ya kibanda, pampu ikiwa kifuani. Pingili mbili za mgongo zikabana mshipa wa fahamu. Alifanyiwa upasuaji, kidonda kikapona vizuri, mshono ukawa mstari mwembamba tu. Maumivu yakabaki.

"Pampu lakini niliisuka," anasema kwa fahari. "Mpaka leo inavuta maji."

Kabla ya kuumia alikuwa anasuka pangaboi nne kwa siku, kila moja shilingi elfu kumi na tano. Baadaye zikawa mbili, na siku nyingine moja. Ili asipotee, akaanza kuweka kizibo cha soda mezani kila afikapo ishirini.

Majirani walileta maelezo yao. Wengine walisema amekanyagishwa kitu. Mmoja alimpeleka akachanjwe chale. Kanisani waliombea mguu mpaka wenyewe ukachoka kuombewa. Vidonge vya hospitali vilisaidia kidogo, ila vilimletea usingizi. Siku moja aliunganisha waya wa blenda ya watu kinyume, ikazunguka na kumwagia juisi mwenye mali.

Kilichomtesa kuliko vyote ni vitu vyepesi. Nyundo ikiangukia mguu, ni maumivu ya kawaida. Lakini upepo wa feni, shuka, au chandarua kikigusa ngozi tu, ni kama kumwagiwa mafuta ya moto.

"Fikiria fundi feni anayekimbia upepo," anasema mumewe, Stephano, fundi seremala aliyestaafu, mtu wa maneno machache. "Nilikuwa nikiwasha feni chumbani, ananiangalia kama nimemtukana mama yake."

Editha alizoea kulala mguu ukiwa nje ya chandarua. Mbu wakaupenda. Alipougua malaria mara ya pili ndani ya miezi mitatu, Stephano alitafuta kreti ya soda, akaiweka upande wa miguuni ndani ya chandarua, akakiinua kwa namna ambayo mguu unapata chumba chake. Kreti hiyo imelala kitanda kimoja na wawili hao kwa miaka mitano.

Mwaka huu, katika hospitali moja kubwa jijini, Editha alikutana na Dk. Bupe Mwaisaka, daktari wa mishipa ya fahamu. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Editha analisimulia kama muujiza. Kisha akamwambia kuhusu kifaa.

"Mshipa ulioumia ni kama kengele ya mlangoni iliyokwama," Dk. Bupe anaeleza. "Mgeni ameshaondoka zamani, yenyewe inaendelea kulia. Kifaa hiki hakitengenezi kengele. Kinapeleka umeme mdogo sana karibu na uti wa mgongo, ile kelele isifike kichwani kwa ukali wake."

Editha alimkazia macho. "Kwa hiyo daktari, unaweka umeme juu ya umeme."

"Kwa lugha yako, ndiyo."

"Sie kwetu hicho ndicho kinachounguza mota."

Dk. Bupe anakiri kwamba hajawahi kuulizwa maswali kama yale. Betri ni ya aina gani? Inakaa miaka mingapi? Waya umevikwa nini? Ikiingia maji? Umeme ukikatika Yombo nzima siku mbili? Alijibu yote. Betri, yenye ukubwa wa kiberiti, inazikwa chini ya ngozi, juu kidogo ya kalio. Inachajiwa kwa nje, kwa kuwekewa kibao juu ya ngozi, mara moja au mbili kwa wiki. Inaweza kukaa miaka mingi, kisha hubadilishwa kwa upasuaji mdogo. Si kila mgonjwa hupata nafuu, na nafuu yenyewe si kupona.

Kuna masharti pia. Mota inayozunguka aiweke umbali wa urefu wa mkono. Pampu kubwa asizikumbatie. Na mashine ya kuchomelea iwe mbali naye kabisa.

Habari hiyo ilipofika uwanjani, Shomari alishika kiuno. "Yaani Mnyamwezi ananihamisha kwenye ardhi ya babu zangu!"

"Babu zako waliiuza kwa kanga mbili na ngoma."

"Na babu zako walibeba meno ya tembo toka Tabora mpaka Bagamoyo, miezi mitatu kwa miguu. Wewe betri ya ukubwa wa kiberiti inakutoa jasho?"

Kesho yake asubuhi Editha alikuta mashine ya kuchomelea imehamishiwa mwisho kabisa wa uwanja, karibu na choo, ambako Shomari hana kivuli wala wateja wa kupita. Watani hawashukuriani.

Kifaa chenyewe kinalipiwa na mradi wa hospitali kwa wagonjwa kumi na wawili. Lakini kabla ya kuzikiwa betri, mgonjwa anajaribishwa siku saba. Nyaya mbili nyembamba kama uzi wa kushonea hupitishwa kwa sindano mgongoni, na ncha zake huunganishwa na kisanduku kidogo kinachovaliwa kiunoni kwenye mkanda. Kila siku mgonjwa anaandika kwenye daftari: sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni yasiyovumilika.

Daftari la Editha lipo, na mwandiko wake ni ule wa darasa la saba, wima na safi. Kabla ya kifaa: nane. Siku ya kwanza: sita. Siku ya pili: tatu. Siku ya tatu: mbili. Siku ya nne: mbili, na pembeni ameandika, "nimevaa soksi."

"Kuna kitu kama mchwa wanatembea," anasimulia. "Mchwa wapole. Ule moto upo kule mbali, kama redio ya jirani. Nikasuka pangaboi tatu, sikuweka kizibo hata kimoja."

Usiku wa tatu alijifunika shuka mpaka kidevuni. Stephano alipoamka asubuhi na kuuona mguu wa mkewe chini ya shuka, alitoka na kreti, akaiweka nje ukutani. Editha alimsikia akipiga mluzi uani. Alikuwa hajamsikia akipiga mluzi tangu mwaka ule wa pampu.

Kwa hiyo ungetegemea simulizi hii iishe hapo, watu wapige vigelegele. Haikuisha.

Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Stephano alikwenda kanisani, mazoezi ya kwaya yakamchelewesha. Editha alibaki kwa sababu ya nyaya zake. Alikaa mezani. Akakifungua kisanduku kwenye mkanda, akakigeuza. Kwa nyuma akaona skrubu nne ndogo, zenye vichwa vya nyota.

"Nina bisibisi ya nyota," anasema, na anaangalia pembeni.

Aliichomoa ya kwanza, akaiweka kwenye kizibo. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akapachika ukucha kwenye mfuniko. Ndani hakukuwa na koili wala kitu chochote anachokifahamu. Kulikuwa na gundi nyeusi ngumu, na vijistari vya rangi ya dhahabu vimezama humo kama samli kwenye ugali. Alikwaruza kidogo tu, aone gundi imeishia wapi. Taa ndogo ya kijani ikazimika.

Mguu haukungoja hata dakika.

Simu ya kwanza hakumpigia daktari, wala mumewe. Alimpigia Shomari. Kwa watu wa utani hilo halishangazi: mtani ndiye unayeweza kumpelekea upumbavu wako ukiwa bado mbichi.

"Mzaramo, nimekiua."

"Umeua nini?"

"Kisanduku. Nimekifungua."

"Mnyamwezi! Hata tumbo la dawa yako unataka kulikagua? Mazishi lini? Mie ndiye mtani, jeneza nabeba mie, na marehemu atatoa sadaka." Lakini Shomari alifika mbio, na viatu vyake vya kuchomelea, akasimamisha bajaji, akampakia. Njia nzima alimtukana, naye Editha akalia na kucheka kwa pamoja.

Hospitalini, Dk. Bupe alikiangalia kisanduku. Akaziangalia skrubu nne ndani ya kizibo cha soda, zimepangwa kwa utaratibu. Hakugomba. Aliziondoa nyaya mgongoni mapema, kwa kuwa kisanduku cha akiba hakikuwepo. Alisoma daftari. Alimwambia Editha kwamba siku tano zimetosha, jaribio limefaulu, na kwa upande wa kitabibu anastahili kuwekewa.

Kisha akavuta kiti, akauliza, "Mama Editha, naomba uniambie kitu kimoja. Ulikifungua ili ukijue, au ulikifungua ili kife?"

"Nitakujibu, daktari," akasema Editha.

"Nitasubiri. Kile cha ndani hakina mfuniko wa kufungua, kina ngozi yako. Sitakuandika kabla hujanijibu."

Zimepita siku tisa. Pale uwanjani kila mtu ana jibu lake. Wateja wanasema fundi ni fundi tu, hata akipewa mtoto atatafuta skrubu. Yeye mwenyewe akiulizwa husema, "Nilitaka kukiona," na anabadilisha mazungumzo. Stephano hajauliza. Jumapili ile jioni alikwenda ukutani, akaichukua kreti, akaipangusa vumbi kwa shati, akairudisha kitandani.

"Angenigombeza ingekuwa nafuu," anasema Editha.

Leo mchana ana miadi. Orodha ya wagonjwa wa awamu hii inafungwa, na upasuaji unaanza katikati ya mwezi ujao. Majina kumi na moja yameshaandikwa.

Saa sita anaacha kazi. Ananawa mafuta ya mota kwa sabuni ya unga, anavaa gauni la kitenge, anafunga kilemba. Kandambili ya kushoto anaibeba mkononi. Stephano anafunga kibanda. Shomari anapita na kipande cha nondo begani.

"Wakikukataa, useme mapema," anasema. "Nirudishe mashine yangu kivulini, jua limenibabua huko chooni."

"Ulizaliwa umebabuka."

"Nenda bwana. Nenda, Mnyamwezi." Na anasimama pale pale mpaka bajaji inakata kona.

Njiani Editha anaongea kuliko kawaida. Anaeleza mpango alionao, akiwekewa: pampu kubwa atazikataa kwa heshima, atawaelekeza wateja kwa fundi mwingine Tandika. Atabaki na pangaboi, feni za mezani na blenda. Anataka afundishe wanawake wawili au watatu kusuka mota, maana macho nayo hayamngoji. Na anataka, siku moja ya joto la Februari, alale chali feni ikimpuliza kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vyote kumi.

"Anataka mengi," anasema Stephano, akiangalia barabara.

"Ni mengi?"

"Sijasema ni mabaya."

Chumba cha Dk. Bupe ni kidogo, kina dirisha moja na feni ya ukutani. Daktari anawaamkia wote wawili shikamoo, anainuka, anaizima feni kabla mgonjwa hajaketi. Editha anaiona swichi ikizimwa. Anamwangalia daktari kwa muda.

Wanazungumza habari za matundu ya sindano, yamepona. Habari za usingizi, haupo. Maumivu ya leo, saba na nusu. Karatasi iko mezani, majina kumi na moja yamechapwa, na mstari wa kumi na mbili ni mtupu.

"Nasikiliza, mama," anasema Dk. Bupe.

Editha anaukamata mkono wa kiti. Stephano anainamisha kichwa, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kanisani.

"Watu wote nimewaambia nilitaka kukiona," anaanza Editha. "Si kweli. Nilitaka kife."

Dk. Bupe anaiweka kalamu mezani, Editha anaendelea.

"Siku ile ya tano niliamka nikautafuta mguu, siuoni. Nikawa nimekaa kitandani nausikiliza, kama mama anayesikiliza mtoto aliyenyamaza ghafla. Nje huyu baba anapiga mluzi tena. Nikaogopa, daktari. Hayo maumivu nimeishi nayo miaka saba, nayajua, yananijua. Ila ule mluzi..." Anamgeukia mumewe. "Kila kitu kinachofika mezani kwangu kilikuwa kizima siku moja, na mwenyewe alikizoea. Watu wanalia, wewe! Mtu analilia feni. Nikajisemea, hiki nacho kitaungua tu, mwaka huu au mwaka kesho, na mie sitaweza kuurudia ule moto mara ya pili. Bora nikiue mwenyewe, mapema, nikiwa bado sijakizoea."

Stephano ameinua kichwa. Anamwangalia mkewe kama mtu aliyeoneshwa chumba cha nyumba yake ambacho hakujua kipo.

"Na sasa?" anauliza Dk. Bupe taratibu. "Kinaweza kuharibika kweli, mama. Siwezi kukuahidi hakitaharibika."

"Najua. Mie ni fundi." Editha anaisogeza ile karatasi kuelekea upande wa daktari kwa kidole kimoja. "Lakini nilichelewa kukiua. Nilishakizoea tangu siku ya pili. Niandike."